Siku Niliyoimwaga Pombe ya Dada Yangu

Ndugu wasomaji, mimi ni mkosaji, na sina wa kumsukumia kosa hili. Dada yangu nilimwaibisha mbele ya watu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nilimwambia alifanye. Nimekaa nalo kifuani tangu nikiwa kijana hadi leo ninapotembelea fimbo.

Majina nimeyabadilisha. Kijiji nacho sitakitaja. Kipo milimani, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Mbinga mjini, na waliokuwapo siku ile watakijua bila mimi kukitaja.

Dada nitamwita Agneta. Yeye alikuwa wa kwanza kwa mama yetu, mimi wa mwisho. Mama alifariki kabla sijaanza shule, na Agneta ndiye aliyenibeba mgongoni, akanipikia, akanifulia shati la Komunyo ya Kwanza. Alipoolewa na shemeji yangu Kosmas alinichukua nikaishi kwao mpaka nilipomaliza darasa la nane.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa walitafutwa vijana wanaojua kusoma na kuandika. Nikapelekwa kwenye mafunzo ya uongozi kwa miezi michache, niliporudi nikapewa ukatibu wa kijiji, kijiji kilekile cha dada. Nilikuwa bado sijaoa. Nilipewa meza, mhuri na kengele ya rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya ofisi. Nikiigonga asubuhi, watu wote wanatoka na majembe. Siwezi kuwaeleza jinsi kitu kama kile kinavyoweza kumlevya kijana.

Kijiji kilikuwa na sheria moja iliyotajwa kila mkutano: siku za kazi, hakuna pombe kabla ya saa kumi alasiri. Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Walikuwapo wanaume waliokaa kilabuni tangu umande haujakauka, wake zao wakilima peke yao na watoto wakienda shule na njaa. Watu wenyewe waliipitisha. Dada yangu alinyoosha mkono pamoja na wengine.

Lakini kwetu Umatengo kuna pombe nyingine. Mtu akizidiwa na shamba, anapika pombe ya ulezi na kualika majirani. Wanakuja na majembe, wanalima, wanaimba, wanakunywa, na shamba linaisha kwa siku moja. Kazi hiyo tunaiita ngokela. Pombe ile si ya ulevi. Ni asante, na asiyeitoa hasaidiwi tena.

Mwaka ninaousema, shemeji Kosmas aliangukiwa na gogo wakati wa kupasua mbao, nyonga ikavunjika. Ilikuwa Machi, wakati wetu wa kuchimba ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yanayoshika maji ya mvua ili udongo usiteremke bondeni. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba, wanawake huzifukia kwa udongo na kupanda maharage juu yake. Ni kazi ya watu wengi. Dada alikuwa na watoto wanne wadogo na mume wa kulala kitandani.

Akanifuata ofisini asubuhi moja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hapa nikuite nani?"

"Niite unavyoniita nyumbani."

Akacheka, akakaa kwenye benchi. "Nataka kualika ngokela Alhamisi ijayo. Nimekuja kukuuliza habari ya pombe."

Nikamwambia, "Dada, sheria unaijua. Saa kumi."

"Naijua. Lakini mvua mwezi huu inaanza saa nane kila siku. Watu wataanza alfajiri, wapumzike kidogo saa tano, wamalize saa saba. Hiyo saa kumi nitampata nani? Kila mtu atakuwa kwake anaota moto."

"Wape togwa."

"Togwa nitawapa, na ugali na maharage. Lakini mtu mzima ukimpa togwa peke yake baada ya kuinama kutwa, atakunywa, atashukuru, na mwakani humwoni." Akaniangalia usoni. "Kama haiwezekani niambie tu. Nitatafuta njia nyingine. Ndugu zake Kosmas walioko kule chini ziwani wangeweza kupanda huku wakanisaidia japo wiki moja."

Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza. Ningeweza kusema haiwezekani, naye asingenichukia. Ningeweza kusema subiri nimuulize mwenyekiti. Lakini nilitaka dada aone kwamba mtoto aliyembeba mgongoni sasa ni mtu mwenye uwezo.

Nikamwambia, "Pika tu, dada. Mimi nipo."

"Una hakika?"

"Katibu si mimi?"

Akaondoka na furaha. Wiki nzima nilipopita karibu na kwake nilisikia harufu ya kimea cha ulezi, na kila aliponiuliza kwa macho nilimwitikia kwa kichwa.

Alhamisi ilipofika watu walikwenda shambani kwake alfajiri, kama thelathini hivi. Mimi nilibaki ofisini. Saa nne gari la serikali likapanda kilima bila taarifa. Akashuka afisa mmoja aliyekuwa ameletwa kwetu kutoka mikoa ya kati, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Nimwite Bwana Maganga. Vijana kama mimi tulimwogopa, kwa sababu neno lake moja lingeweza kukupandisha au kukurudisha kwenye jembe.

Alitaka kuona shamba la kijiji. Kulikuwa na njia mbili. Moja ilizunguka kwa mbali, nyingine ilipita chini ya mteremko wa dada. Nilipoanza kumwelekeza ile ya mbali akasema amechoka na gari, tupite ya karibu kwa miguu.

Tulipofika pale watu walikuwa wamekaa kupumzika. Nusu ya chini ya shamba ilikuwa tayari, imepandwa. Nusu ya juu nyasi zilikuwa zimefyekwa na kupangwa tu, udongo bado. Mitungi mitano ilikuwa kivulini, na kibuyu kilikuwa kinazunguka.

Bwana Maganga akasimama. "Saa ngapi sasa, Ndugu Katibu?"

"Saa tano, mzee."

"Wanakunywa nini wale?"

Akaanza kupanda mteremko, nami nyuma yake. Watu wakainuka. Nyimbo zilikuwa zimekwisha, ila mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake alikuwa analia.

"Mwenye shughuli hii ni nani?"

Dada akasogea mbele, mikono imejaa udongo. "Ni mimi, baba."

"Hujui sheria ya kijiji chako?"

"Naijua."

"Basi nani amekuruhusu?"

Dada hakunitazama. Hilo ndilo ninalolikumbuka kila siku. Watu thelathini walikuwa pale, na mtu pekee ambaye macho yake hayakunigusa ni yeye.

"Hakuna, baba," akasema. "Ni mimi mwenyewe."

Bwana Maganga akanigeukia. "Na wewe ulikuwa na habari?"

Nikasema, "Sikuwa na habari, mzee. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja, lakini hata mimi nashangaa."

Nilisema hivyo kwa sauti, ili wote wasikie.

Bwana Maganga hakuniambia nimwage. Nimewahi kuwaambia watu kwamba aliniamuru. Nilisema uongo. Alichosema ni hiki tu: "Haya, tuone uongozi wako." Kumwaga niliamua mwenyewe.

Nikauinamisha mtungi wa kwanza, pombe ikateremka ikiingia katika mashimo yaliyochimbwa asubuhi ile. Nikaenda wa pili, wa tatu. Nilipofika wa nne dada akaweka mkono kwenye mdomo wa mtungi. Akaniambia kwa Kimatengo, taratibu, mgeni asisikie, "Niachie huu mmoja. Wameshafanya nusu."

Nikauondoa mkono wake, nikamwaga. Nikamwaga na wa tano.

Palikuwa na mzee mmoja, Mzee Turibi, aliyekuwa bado ameshika kibuyu chenye pombe kidogo. Alikiweka chini mbele ya miguu yangu. "Kamilisha, mwanangu," akasema. Kisha akachukua jembe lake, akashuka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Palepale nikatangaza adhabu: dada yangu na wazee wawili niliowaona wakinywa watengeneze barabara ya kijiji kwa siku saba, kila siku kuanzia kengele ya asubuhi. Siku saba nilizitaja mimi. Bwana Maganga aliitikia kwa kichwa akasema, "Vizuri."

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Saa nane mvua ilikuwa imeshaanza. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwenye nyumba ya wageni ya kijiji, pembeni kabisa ya njia. Dereva akaleta kreti ya bia kutoka garini. Bwana Maganga akanimiminia mwenyewe.

"Kunywa, Ndugu Katibu. Leo umefanya kazi ya kiume."

Nilikuwa bado na aibu kidogo, nikasema, "Mzee, saa kumi bado."

Akacheka. "Ile yao ni pombe. Hii ni bia. Na sisi tuko safarini, hatuko shambani."

Nikacheka naye, nikanywa. Ilikuwa bia yangu ya kwanza ya chupa. Ilikuwa chungu, lakini sikuonyesha. Watu walipita njiani wakikimbia mvua, wakatuona na glasi mkononi, wakasalimu kwa adabu. Hakuna aliyeona ajabu. Ungemuuliza yeyote pale angekwambia wakubwa wanapumzika.

Dada alipita pia, na mtungi mtupu kichwani. Alipotukaribia akapunguza mwendo.

"Za mchana, wazee," akasema.

Bwana Maganga akaitikia. Mimi nilikuwa na bia mdomoni.

Siku saba zile dada alichimba mitaro ya barabara kuanzia asubuhi. Mimi ofisi yangu ilikuwa hatua mia moja kutoka pale. Ningeweza kuchukua sepetu nikamsaidia, au nikafuta adhabu Bwana Maganga alipokwisha kuondoka. Nilijiambia watu watasema napendelea ndugu. Mwenye duka wetu, Mzee Salumu, Mwislamu aliyetoka pwani na ambaye hajawahi kuonja pombe, aliniita siku ya tatu.

"Mwanangu, pombe dini yangu imeikataza," akasema. "Lakini yule mama hakuwa anauza ulevi. Alikuwa anawashukuru watu. Kamwondoe pale."

"Sheria ni sheria, mzee," nikamjibu.

Tangu siku ile alinihudumia dukani kama anavyomhudumia mpita njia.

Siku ya tano ilinyesha mvua kubwa. Nusu ya juu ya shamba la dada haikuwa na mashimo ya kushika maji, nyasi zimelala tu juu ya udongo mtupu. Maji yakakusanyika juu, yakashuka na kila kitu. Udongo ukafunika maharage yaliyopandwa chini, ukafunika na miche ya kahawa ambayo shemeji aliipanda kabla ya kuumia. Dada aliona adhabu yake ilipokwisha. Alijaribu kurudi na jembe peke yake, lakini mvua za kupandia zilikuwa zinakatika, na hakuna jirani aliyethubutu kumsaidia. Waliniogopa mimi.

Mwaka ule kwa dada hapakuvunwa maharage. Nilimpelekea debe la mahindi. Alilipokea, maana watoto walikuwa na njaa, na kesho yake akalirudisha debe likiwa tupu, limeoshwa.

Baada ya kiangazi akaja ofisini. Hakukaa kwenye benchi.

"Ndugu Katibu, naomba barua ya kuhama. Tunakwenda ziwani, kwa ndugu zake Kosmas."

"Dada, msihame. Nitazungumza na mwenyekiti mpewe shamba jingine."

"Barua tu, Ndugu Katibu."

"Kule kuna homa. Watoto hawajaizoea, hata wewe hujaizoea."

"Na hapa kuna nini?"

Nikaandika barua. Nikagonga mhuri. Akaipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mtu baki, akashukuru, akatoka. Siku mbili baadaye walipanda lori la mihogo lililokuwa linateremka Mbamba Bay, shemeji amelazwa juu ya magunia. Nilikuwa dirishani. Sikutoka kuwaaga.

Mimi nikabaki na cheo changu. Kila afisa aliyepita nilikaa naye kibarazani, na kila mara palikuwa na chupa. Baadaye nikawa naanza kabla ya wageni. Baadaye hata wageni wasipokuwapo. Nilikuwa naweka gongo kwenye kikombe cha chai mezani, saa tatu asubuhi, na watu wakija kuomba barua wananisubiri nimalize kikombe. Hakuna aliyesema katibu ni mlevi. Walisema katibu ana kazi nyingi, amechoka. Mkulima akionekana na kibuyu mchana, niliandika jina lake.

Nilikuwa nimeoa wakati huo. Mke wangu alivumilia, kisha akarudi kwao Mpepai na mtoto wetu. Mwishowe nilianguka mkutanoni mbele ya wakubwa, ndipo nikaondolewa. Nikajikuta sina kazi, sina mke, na nyumba niliyokuwa nalala si yangu. Nikakumbuka kwamba nina dada.

Nilishuka ziwani kwa lori, nikatembea ufukweni nikiuliza mpaka nikaipata nyumba. Shemeji Kosmas alikuwa amekaa nje anamenya mihogo, fimbo zake mbili zimeegemea ukuta. Alinitambua kabla mimi sijamtambua.

"Karibu, shemeji. Umechelewa."

Nikauliza dada yuko wapi. Akanionyesha kwa kisu, nyuma ya nyumba, mahali penye tuta la mawe na msalaba wa mti.

Homa ilimchukua msimu wa pili wa mvua baada ya kuhama. Alilala siku nne tu. "Tulikutumia habari kwa watu wa malori," shemeji akasema. "Mara mbili."

Labda zilinifikia nikiwa katika hali ile. Sikumbuki. Mpaka leo sikumbuki.

Nilikaa kando ya lile tuta muda mrefu. Niliporudi, binti mkubwa wa dada, aliyekuwa na miaka kama kumi na minne, alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Nilimjua tangu akiwa mtoto wa kutambaa. Sura ilikuwa ya mama yake kabisa. Shemeji akaniangalia, akasema taratibu:

"Shemeji, kuna jambo moja linanisumbua. Agneta hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Nilimuuliza mara nyingi ni nani alimwambia apike pombe ile. Kila mara alinijibu ni yeye, ni kichwa chake kigumu. Mimi nilikasirika. Nilimwambia, kichwa chako ndicho kilichotutoa kwetu. Nilimwambia hivyo hata mwaka aliofariki." Akaweka kisu chini. "Wewe ulikuwa katibu. Unajua lolote?"

Binti akaacha kusonga. Alikuwa anasikiliza.

Ndugu wasomaji, sikuwa na cheo tena. Hapakuwa na afisa. Hapakuwa na wa kunifukuza kazi. Palikuwa na mlemavu mmoja, mtoto mmoja na kaburi. Nikasema:

"Sijui, shemeji."

Akatikisa kichwa. Akamwambia binti alete maji, mjomba anawe. Nikanawa, nikala ugali wao na samaki wao, nikalala kwao siku tatu, nikaondoka.

Tangu siku ile sijaweka pombe mdomoni, ya mchana wala ya usiku. Watu wamenisifu kwa hilo, hata kanisani. Huwa nanyamaza, kwa sababu wanafikiri ulevi ndio uliokuwa dhambi yangu.

Shemeji Kosmas naye amekwisha kufariki. Alikwenda akiamini kwamba mke wake aliiponza nyumba yake kwa ukaidi. Nilikuwa na miaka mingi ya kumrudia na kumwambia ukweli. Kila mwaka nilisema baada ya mavuno.

Yule binti bado yupo ziwani, ni mtu mzima sasa, ana wajukuu. Kama akisoma maneno haya atajua yanamhusu. Mwanangu, mama yako aliomba ruhusa, akapewa. Aliyempa ni mimi. Aliyemkana ni mimi. Baba yako alipouliza mbele yako, nilimdanganya, na wewe umelelewa na uongo wangu. Sikuombi unisamehe. Nakuomba uwaambie wadogo zako, na ukisimama mbele ya kaburi la baba yako, uliambie nalo.

Wenzangu mlio na mamlaka kidogo, hata yale ya kata au ya kitongoji: kabla hujamwita mtu mlevi kwa sababu umemwona na kibuyu mchana, muulize anamshukuru nani na kwa kazi gani. Kisha tazama kilichomo kwenye glasi yako.

Na wewe unayesoma, kama yupo mtu aliyekubali lawama ili wewe usiguswe, na bado yuko hai, usiseme utakwenda baada ya mavuno. Weka karatasi hii chini, uende.